Jigi za Kiairishi kwenye kodiani ya vitufe: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, ila sasa niko Ennis, County Clare, magharibi ya Ayalandi, mwaka wa saba huu. Kazi yangu jikoni, mchana kutwa nakata vitunguu, usiku napiga kodiani. Watu wa nyumbani wakinisikia kwenye simu huuliza yale yale, na wenzangu wa hapa na wa Oman nao huuliza yale yale, kwa hivo nimeyakusanya. Siyo fundi mkubwa, nisisingiziwe, ila niliyoandika hapa nimeyapitia kwa vidole vyangu.

Jigi ni nini khasa, wimbo au ngoma ya kucheza?

Vyote viwili. Watu wanacheza jigi kwa miguu na mpigaji anapiga jigi kwa chombo, jina moja. Kwa Kiairishi chenyewe wimbo wa jigi unaitwa port. Naita wimbo ila maneno hamna, ni muziki mtupu.

Mapigo yake ni sita kwenye kila kipimo (wao wanaita bar, kipande kimoja cha mapigo), yamegawika matatu matatu. Usianze kuhesabu moja mbili tatu, utachoka bure. Sema tu "kuku na nazi na, kuku na nazi na", ukaze KU na ukaze NA ya nazi, haraka haraka bila kusimama. Hiyo ndo jigi. Wao wana maneno yao ya kuhesabia, yanahusu nyama ya nguruwe na soseji, mi nikaona nitafute ya kwetu.

Kuhusu umbo, jigi nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu vipimo 8, kila sehemu inarudiwa, jumla vipimo 32 halafu unarudi mwanzo. Kwenye mkusanyiko, yaani nyimbo kadhaa zilizoungwa pamoja, wimbo mmoja hupigwa mara mbili tatu kisha mnarukia mwingine bila kupumua, na huo mwingine mara nyingi uko kwenye kii nyengine, yaani umejengwa juu ya noti nyengine, pale panapobadilika ndo nywele zinasimama. Zipo zenye sehemu tatu hata tano lakini ukianza anza na za mbili.

Mbona inasikika kama chakacha?

Hili swali naulizwa na kila mtu wa pwani na si swali la kijinga hata kidogo. Zote ziko kwenye sita, mwili wako unazitambua kabla ya akili. Tofauti ni kuwa kwenye chakacha ngoma zinagombana, huyu anagawa mbili huyu anagawa tatu, na utamu uko kwenye ule ugomvi. Jigi haina ugomvi huo. Mguu unagonga mara mbili kwa kila kipimo basi, na kila kitu kimebebwa na wimbo, hata kusipokuwa na ngoma hakuna kinachopungua.

Siku yangu ya mwanzo kwenye sesheni, yaani wapigaji wamekaa pamoja wanapiga, nilijisahau nikaanza kugonga meza kwa mkono, kichakacha, natia tatu juu ya mbili. Mzee wa fidla aliyekuwa pembeni hakusema kitu, alinitazama tu mkono. Nikauweka mapajani mpaka saa sita ya usiku.

Ila nikwambie, sisi tuna bahati. Wenzangu wengi darasani waliozoea muziki wa rock inawachukua miezi kuacha kupiga jigi kama inapanda ngazi. Mtu aliyekulia harusi za Unguja hilo hana shida nalo, tabu yake iko kwengine.

Si kodiani ile ile ya taarab?

Hapana. Ya taarab mara nyingi ni ya kipiano, ina vibao vyeupe na vyeusi mkono wa kulia, na ukibonyeza kibao noti ni ile ile ukivuta au ukibana mvukuto, ule mfuko wa hewa wa katikati unaokunjuka. Hii ya Waairishi, wao wanaiita "the box", boksi tu, ina vitufe, na kitufe kimoja kina noti mbili: ukibana mvukuto noti hii, ukivuta noti nyengine. Kama umewahi kupuliza kinanda cha mdomo umeshaelewa, kuvuta pumzi na kutoa pumzi si sauti moja.

Wakenya wenye wazee wa Kikikuyu watakuwa wameiona ndugu yake kwenye mwomboko, ule muziki wa kodiani na kile chuma cha duara cha kugonga. Jina la kodiani lilisajiliwa Vienna mwaka 1829 na Cyrill Demian, na nusu ya pili ya karne ya 19 zile za safu moja zenye vitufe 10, melodioni, zikaingia Ayalandi kwa wingi. Zilikuwa rahisi, hazihitaji kutuniwa kila dakika kama fidla, na zina kelele, mtu mmoja anatosha kuchezesha nyumba nzima ya watu wenye viatu vizito. Sababu ni hiyo tu, wala si usanii mkubwa.

Ninunue B/C au C#/D?

Hapa kaeni vizuri maana hapa ndo watu wanapoteza pesa.

Kodiani ya Kiairishi ya kisasa ina safu mbili za vitufe, kawaida jumla 21 au 23 mkono wa kulia, na 8 za besi mkono wa kushoto. Safu hizo mbili zinapishana nusu toni. Herufi ni majina ya noti, na ile alama # ni shapu, noti imepandishwa nusu toni. B/C maana yake safu ya nje iko kwenye B na ya ndani kwenye C. C#/D safu ya nje ni C# ya ndani D. Sasa mtu anauliza, muziki wa Kiairishi mwingi uko kwenye D na G, kwa nini watu wanunue chombo cha B na C? Swali zuri sana. Jibu ni vidole.

Chukua The Kesh, jigi ya G ambayo kila mwanafunzi anafundishwa. Inaanza na G ndefu, halafu G-A-B. Kipimo cha pili A ndefu, halafu A-B-D. Cha tatu E-D-D, G-D-D. Cha nne E-D-B, D-B-A. Sasa kwenye B/C: G ni kubana. A kuvuta, B kuvuta, D kuvuta. E unaweza kuibana kwenye safu ya ndani, lakini iko pia kwenye safu ya nje kwa kuvuta, na unaichukua hiyo. Hesabu mwenyewe basi, vipimo vinne vizima, kubana ni kwenye G tu, kwengine kote mvukuto unafunguka. Wimbo unatiririka kama maji ya mfereji, hakuna kukatika, na ukitaka mapambo vidole viko huru.

Wimbo huo huo kwenye C#/D, safu ya D: G vuta, A bana, B vuta, D bana, E vuta. Yaani karibu kila noti unageuza mkono. Kipimo cha nne peke yake ni vuta bana vuta, bana vuta bana. Inatoka na mkatiko, na mngurumo, kama mtu anayecheka. Kwa dansi ni utamu mtupu.

Kwa hivo si swali la ipi bora. Ni unataka sauti ya nani. B/C ndo iliyotawala tangu aliposikika Paddy O'Brien wa Tipperary mwishoni mwa miaka ya 1940, rekodi zake za mwaka 1949 ziligeuza vichwa vya watu, walimu wengi wanafundisha hiyo na mi ndo ninayopiga. C#/D ina watu wake hasa Sliabh Luachra, kule mpakani mwa Cork na Kerry, na siku hizi vijana wengi wanairudia. Ushauri wangu, na hapa watu watanuna, tazama mwalimu uliyenaye karibu au unayemfuata kwenye video anapiga ipi, nunua hiyo hiyo. Usinunue zote mbili. Usianze na moja ukahamia nyengine baada ya miezi mitatu kwa sababu umesikia rekodi nzuri, vidole vitakuchanganyikia kama mtu aliyeoa nyumba mbili bila kujipanga.

Na hizi za G/C zinazouzwa rahisi mitandaoni?

Yalinikuta. Tangazo lilisema B/C, picha nzuri, bei nzuri, nikatuma pesa. Kodiani ikafika, nikabana safu ya nje, najisikia kama nimelewa na mi sinywi. Ilikuwa G/C. Hizo Wafaransa wanazipenda kwa ngoma zao na ni vyombo vizuri kabisa, lakini ile haikuwa na C# hata ya dawa, sasa jigi ya D utaipigia wapi? Muuzaji nilipomwandikia alijibu mara moja tu, baada ya hapo kimya. Niliiuza kwa hasara.

Ili yasikukute: kabla hujatoa pesa mwombe mtu akurekodie video. Abane vitufe vitatu vinavyofuatana katikati ya safu ya ndani, utie programu ya kutunia ya simu. B/C lazima ikupe C, E na G kwa mpangilio wowote. Safu ya nje ikupe B, D# na F#. Akikataa kurekodi dakika moja, mwache na kodiani yake.

Kuhusu bei, mpya nzuri iliyotengenezwa Italia ni maelfu ya euro, hilo sikufichi. Castelfidardo, mji wa kodiani wa huko Italia, ndo alikotoka Paolo Soprani, mtengenezaji wa kodiani, na Paolo Soprani za zamani, hasa zile za kijivu za karibu na mwaka 1950, watu hapa wanazitafuta kama dhahabu. Mwanafunzi anaweza kuanza na Hohner ya mkono wa pili, ya Wajerumani, haina sauti nene hivyo lakini inafundisha.

Kuna aina ngapi za jigi?

Zinazosikika kila siku ni dabo jigi, hiyo ya kuku na nazi na. Ukisikia mtu kasema jigi bila kuongeza neno, ni hiyo.

Singo jigi ni ndefu-fupi ndefu-fupi, kama "kuuuku naaazi". Slaidi inafanana nayo ila inakwenda kwa kasi na pumzi ndefu zaidi, wanaiandika kumi na mbili kwa nane, yaani mapigo kumi na mbili kwa kipimo, na nyumbani kwake ni huko huko Sliabh Luachra. Ukipiga slaidi Clare watu wataitikia, lakini ukipiga Kerry watu watainuka.

Halafu slipu jigi. Hii ina tisa: "kuku na nazi na wali na". Miguu inapata matatu badala ya mawili, na ghafla muziki unaelea. Kwenye mashindano ya dansi inachezwa na viatu laini na kwa muda mrefu imehesabiwa ngoma ya wanawake. Nyimbo zake si nyingi kama dabo jigi lakini ni nzuri za kuliza. Mimi nilizikwepa mwaka mzima kwa sababu nilikuwa namaliza kipimo kabla ya wenzangu, nasahau wali.

Nikishajua noti, kwa nini bado haisikiki Kiairishi?

Kwa sababu unapiga kwa mkono wa kulia. Hili nililiambiwa na mzee anayenifundisha, miezi minane ya mwanzo, kila wiki, na nilikuwa naitikia tu ndiyo mzee ndiyo mzee huku sijaelewa. Mkono wa kulia unachagua noti, mkono wa kushoto ndo unaopiga muziki. Mvukuto ndo pumzi yako. Ukiuvuta sawasawa kama unafungua droo, kila noti itatoka na uzito mmoja, na jigi yenye uzito mmoja ni mashine ya kufulia.

Sema tena kuku na nazi na. Ile KU si nzito tu, ni ndefu kidogo kuliko wenzake, silabi ya katikati inabanwa, na ile "na" ya tatu inakusukuma kwenye nazi. Hayo yote hayaandikwi kwenye nota, yaani muziki wa kwenye karatasi, na kwenye boksi yanafanywa na mkono wa kushoto, ni msukumo mdogo kama unamgusa mtu begani umwite. Hapa Clare wanasema wimbo una "lift", unanyanyua. Mtu aliyekaa anajikuta kisigino kimeinuka.

Zoezi alilonipa: shika noti moja, A, vuta mvukuto pole pole, usinyanyue kidole kabisa, halafu toa kuku na nazi na kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa kuongeza na kupunguza nguvu. Dakika tano kila siku. Jirani yangu wa chini aligonga dari. Lakini baada ya wiki tatu nilipiga The Kesh na mzee akanyamaza, kisha akasema chai iko tayari, na kwa mtu wa Clare hiyo ni sifa.

Na kitufe cha hewa, kile cha dole gumba la kushoto, usikisahau! Mmeona kwenye The Kesh B/C vipimo vinne karibu vyote ni kuvuta, sasa mvukuto ukifika mwisho wa mkono utafanyaje? Unatumia zile G chache za kubana: unabonyeza noti na kitufe cha hewa kwa pamoja, mvukuto unafunga haraka huku noti inalia kama kawaida. Mwanzo itatoka "pfff" kubwa ya aibu. Usijali, kila mtu kapitia pfff.

Mapambo yanafanywaje?

Taratibu, na yawe machache. Lililo rahisi ni kukata, unagusa noti ya juu kama imekuunguza kisha unarudi kwenye noti yako.

Halafu kuna roli, noti ndefu moja unaizungushia jirani zake: noti yenyewe, ya juu, yenyewe, ya chini, yenyewe. Ile A ndefu ya kipimo cha pili cha The Kesh ni mahali pake. Kwenye B/C unafanya A, B, A, G#, A, zote kwa kuvuta, hiyo G# unaichukua safu ya nje. Mtaalamu wa nota atasema G# haimo kwenye kii ya G, na ni kweli haimo, ila inapita haraka mno sikio linaisikia kama kibiti cha ngoma, si kama noti. G ndefu ya mwanzo nayo: G, B, G, F#, G, zote kwa kubana, B na F# kutoka safu ya nje. Ndo maana nimesema B/C ni chombo cha vidole. Watu wa C#/D wengi hupenda zaidi kugonga noti ile ile mara tatu haraka kwa vidole viwili vitatu, ta-ka-ta, inapasuka kama karanga.

Kosa la wageni wote, mimi wa mwanzo, ni kutia roli kila palipo na nafasi. Wimbo unakuwa kama bibi harusi aliyevaa dhahabu za ukoo mzima, uso hauonekani.

Na besi?

Ziache mwaka wa kwanza. Kwenye B/C besi za kawaida hazikubaliani vizuri na nyimbo za D na G, tena zenyewe zinabadilika ukivuta na ukibana, na wapigaji wengi wa zamani walizigusa kidogo tu au hawakuzigusa kabisa.

Nianze na nyimbo gani?

The Kesh, nimeshasema. Halafu The Connaughtman's Rambles, kisha The Lilting Banshee ambayo iko kwenye A ya huzuni kidogo, ina C ya kawaida isiyo na shapu, na kwenye B/C hiyo C iko safu ya ndani inakusubiri. Morrison's nayo kila mtu anaijua, imepewa jina la James Morrison, mpiga fidla wa Sligo aliyekuwa New York. Ukishaziweza hizo nne bila kufikiri unaweza kukaa kwenye sesheni ya wanaoanza ukapiga robo saa, ukanyamaza saa mbili. Hivo ndo ilivyo kwa kila mtu.

Usikimbilie ishirini. Mimi nilijifunza ishirini, zikawa zinaingiliana, naanza hii namalizia na ile, na ukweli jigi mbili za kii moja zinafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Lazima nijue kusoma nota?

Hapana, na wengi wenye kupiga vizuri hawazitegemei. Jifunze kwa sikio kama tulivyojifunza kaswida madrasa, mwalimu anasema kipande, nyie mnarudisha kipande, mpaka kinakaa. Punguza kasi ya rekodi kwenye simu, siku hizi programu za hivo ni bure.

Ila kitabu kina kazi yake ukisahau. Mtu wa kukumbukwa hapo ni Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, ambaye alikusanya nyimbo kutoka kwa wahamiaji na mwaka 1903 akatoa mkusanyiko wa nyimbo 1,850. Mkuu wa polisi! Na wapo pia wanaoandika kwa herufi tupu, mfumo wa ABC, G ni G, unaweza kumtumia mtu wimbo mzima kwa meseji ya kawaida.

Niwasikilize nani?

Kwa B/C, Joe Burke wa Galway, roli zake utadhani maji yanachemka kwenye birika. Sharon Shannon wa hapa hapa Clare, naye B/C, ana furaha ya kitoto ndani yake na ndo aliyewafanya wengi wa rika langu wapende boksi. Kwa C#/D, Jackie Daly na Johnny O'Leary, hao ni Sliabh Luachra, sikiliza slaidi zao.

Na Joe Cooley. Huyu alikuwa wa Peterswell, Galway, alipiga D/D#, kuvuta na kubana, mapambo karibu hakuna. Aliishi miaka mingi Marekani akarudi, na mwaka 1972 wakamrekodi kwenye baa moja mjini Gort, mwaka mmoja tu kabla ya kufa. Unawasikia watu wakipiga kelele nyuma, gilasi zinagongana, na mvukuto unasukuma kama mtu anayepasua kuni. Ukimsikiliza Cooley utaelewa kwa nini nimeandika aya ndefu hivo kuhusu mkono wa kushoto.

Kasi iwe ngapi?

Pole kuliko unavyotaka. Kwenye sesheni za kawaida ni kama mapigo ya mguu 110 hadi 120 kwa dakika. Cha ajabu ni dansi ya mashindano: ile jigi nzito ya viatu vigumu hupigwa 73 tu, pole mno, kwa sababu mchezaji anajaza mapengo kwa miguu yake, wakati slipu jigi ni 113. Mwanafunzi apige 80 mpaka achoke nayo.

Sesheni ina adabu gani?

Ingia, salimu, kaa pembeni, kiti kinachoonekana kitupu uliza kwanza kwa sababu mara nyingi kina mwenyewe hata kama hajafika. Usipoujua wimbo nyamaza, usitafutetafute noti kwa sauti huku wenzio wanapiga, kodiani ina kelele na fidla tatu haziwezi kuizima. Ukialikwa kuanzisha, anza na unaoujua hata usingizini. Ukitaka kurekodi omba ruhusa. Na usianzishe wimbo kwa kasi usiyoweza kuimaliza nayo, nimefanya hivo, tukaanguka sote kama mkokoteni uliokatika tairi.

Sesheni ziko baa, mi Muislamu sinywi, itakuwaje?

Mama yangu ndo aliyeuliza hili la kwanza, na si kwa upole. Mi naagiza chai, au soda ya ndimu, na miaka yote hii hakuna aliyenishurutisha wala kuniuliza mara mbili. Asiyetaka kuingia baa kabisa ana njia nyengine. Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama kilichoanzishwa mwaka 1951, kina matawi na madarasa kwenye kumbi na mashule, watoto na wazee pamoja, na Fleadh Nua hapa Ennis kila mwezi wa tano muziki unamwagika mpaka barabarani. Mwezi wa saba kuna wiki ya Willie Clancy kule Miltown Malbay, tangu mwaka 1973, asubuhi darasa na mchana kutwa watu wanapiga kila kona. Mji ni mdogo, vyumba vinaisha mapema, mwaka juzi nililala kwenye gari.

Nikiipeleka Unguja au Dar itaharibika?

Ukiizembea ndiyo. Ndani yake kuna vilimi vya chuma, na mara nyingi vimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Ukiiacha kwenye gari lililofungwa juani, nta inalainika, kilimi kinadondoka, na noti hiyo imekufa mpaka fundi aifungue. Unyevu nao unatia kutu kwenye vilimi, na kutu ikiingia noti inateremka tuni. Kwa hivo: ndani ya kasha lake, mbali na dirisha, tia vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, uvibadilishe, na uipige kila siku japo dakika kumi maana kodiani inayopigwa inapumua.

Kwenye ndege ingia nayo mkononi, usiikabidhi kwenye mizigo. Pale kwenye mashine watakuambia ufungue. Fungua, na wakitaka kujua ni nini wapigie kipande kifupi, nilifanya hivo safari iliyopita na askari wa kike akaniuliza, "Kaka, hiyo si chakacha?"